Kwa Nini Bado Limesimama? Majengo ya Kale ya Suffolk

Suffolk ni kaunti ya mashariki mwa Uingereza, imepakana na bahari, ardhi yake tambarare, na haina jiwe la maana la kujengea. Hilo la mwisho ndilo ningependa msomaji alishike mapema, maana nusu ya niliyojifunza huko imetoka hapo. Wenyeji walikuwa na udongo, miti ya mwaloni, na gumegume, yale mawe meusi magumu yanayotoka kwenye chaki na kutapakaa mashambani. Jiwe la kuchonga lililetwa kwa maji: jingine kutoka Barnack, upande wa magharibi, jingine likavushwa bahari kutoka Caen, Ufaransa. Ukiona kona ya ukuta wa gumegume imepangwa mawe meupe yaliyonyooka, ujue kuna mtu alilipa nauli ya mashua.

Mimi nilihamia Ipswich, mji mkubwa wa kaunti hiyo, kwa kazi ya kutunza wazee. Nimezaliwa Kilwa Masoko, baba yangu alikuwa fundi wa nyumba za kukandika, na nilishika fito kabla sijashika kalamu. Majengo haya niliyaendea kwa jicho la mtoto wa fundi. Katika wazee niliokuwa nikiwahudumia alikuwamo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ujanani alizunguka makanisa ya kaunti hiyo kwa baiskeli. Nilipomwambia kuwa siku yangu ya mapumziko naenda Lavenham, alinishika mkono.

“Usihangaike kuuliza limejengwa lini, kibao kitakwambia,” alisema. “Uliza kwa nini bado limesimama.”

Sijapata ushauri bora kuliko huo, na kila nilikokwenda baadaye nilikwenda nao.

Lavenham siku hizi haifikiwi na treni. Nilipanda treni hadi Bury St Edmunds, kisha basi la kijijini. Mji huo ni mdogo, lakini katika orodha za kodi za miaka ya 1520 ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya Uingereza. Utajiri wake ulikuwa vitambaa vya sufu, hasa kitambaa kizito cha rangi ya buluu. Nyumba zake nyingi ni za karne ya 15 na ya 16: fremu ya mwaloni, ghorofa ya juu imejitokeza mbele kuipita ya chini, ukuta umepinda, mlango umeegemea upande. Wageni husimama barabarani wakapiga picha za upindo. Katika nyumba moja wameacha kipande cha ukuta wazi ili watu waone kilichomo ndani. Nguzo mbili za mwaloni, katikati fito zilizosukwa, juu ya fito udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng’ombe, na juu ya yote chokaa. Nilisimama pale muda mrefu. Ile ilikuwa kazi ya baba yangu.

Mzee mmoja wa kujitolea aliyekuwa zamu aliona ninavyoutazama ukuta akanisogelea. Nilipomweleza kwamba kwetu watu bado wanajenga hivyo, aliacha maelezo aliyoyazoea akaanza kuniuliza yeye: fito mnakata mti gani, udongo mnauacha siku ngapi, nani anakanyaga. Nami nikamwuliza ya kwake. Akanieleza kwamba mwaloni hujengewa ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unakuwa mgumu mno kwa msumeno na patasi. Unakaukia ndani ya fremu ukiwa umeshafungwa kwa vigingi vya mti, na hapo ndipo unapojinyonga na kuipinda nyumba. Mafundi waliunganisha fremu nzima chini kwanza, wakachonga alama kwenye kila kiungo, wakaitenganisha, wakaja kuisimamisha kiwanjani. Alama hizo bado zinaonekana ukijua pa kutazama. Nilipouliza kuhusu mchwa, alishangaa kidogo. Hawana mchwa. Adui wao ni mbawakawa anayetoboa mwaloni uliolowa, na unyevu wenyewe.

Jibu hilo lilinipa mawazo njia nzima ya kurudi. Kwetu tumezoea kusema kwamba nyumba ya udongo haidumu, kana kwamba kasoro ni ya udongo. Lavenham kuna udongo uliokaa karibu miaka 500 ukutani. Kinachoiua nyumba yetu ni mchwa kwenye nguzo, na mvua inayoupiga ukuta ambao paa lake halikutokeza vya kutosha. Ni mambo ambayo fundi anaweza kuyashughulikia.

Na kwa nini Lavenham bado imesimama? Kwa umaskini. Biashara ya kitambaa kile kizito ilipofifia, vitambaa vyepesi na vya bei nafuu vikashika soko, wenye nyumba hawakuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya kwa matofali kama walivyofanya watu wa miji iliyoendelea kupata. Waliziba nyufa, wakapaka chokaa, wakaendelea kuishi. Ukumbi wa Chama, uliojengwa mnamo 1529 na chama cha waumini wenye mali, ulikuja kuwa jela, kisha nyumba ya kazi ya maskini, na leo unatunzwa na shirika la National Trust. Jengo lililopata kazi nyingine kila mara lilikwepa nyundo. Kanisa la mji huo nalo lina mnara wa mita 43 hivi, uliolipiwa kwa sehemu kubwa na mtawala wa eneo, Earl wa Oxford, na tajiri wa vitambaa Thomas Spring. Kule Long Melford, mji wa jirani, matajiri waliandikisha majina yao kwa mawe kuzunguka ukuta wa nje wa kanisa wakiomba waombewe. Nilizunguka nikiyasoma kichwa kikiwa juu hadi shingo ikauma.

Bury St Edmunds inajibu swali lile kwa njia nyingine kabisa. Hapo ilikuwapo abasia, yaani makao ya watawa, ya Wabenediktini, shirika ambalo sisi wa kusini mwa Tanzania tunalijua kwa Ndanda na Peramiho. Ilianzishwa mwaka 1020 enzi za Mfalme Cnut, mahali ulipohifadhiwa mwili wa Mfalme Edmund, aliyeuawa na Waviking mwaka 869. Mahujaji walimiminika, na kanisa likakua mpaka likazidi urefu wa mita 150. Watawa walikuwa matajiri na wakali kwa wenyeji kiasi kwamba mwaka 1327 watu wa mji waliwavamia na kuharibu lango. Lango lililojengwa upya baada ya hapo lipo hadi leo, limejaa nakshi, na nyuma ya nakshi kuna matundu ya kurushia mishale. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliivunja abasia, kama alivyovunja nyumba za watawa nchi nzima.

Kilichobaki kimo ndani ya bustani ya umma, na kuingia ni bure. Ni mabonge ya ajabu, marefu, yasiyo na umbo, ya gumegume na chokaa. Mara ya kwanza mtu anaweza kupita akidhani ni miamba. Ukweli ni kwamba zile ni nyama za ndani za kuta. Jiwe la kuchonga lililokuwa nje, lile lililolipiwa nauli kutoka Barnack na Caen, lilichomolewa lote likaenda kujengea nyumba za mji. Kilichosimama ni kile ambacho hakuna aliyekitaka. Jirani na hapo kuna kitu ambacho sikukiona mahali pengine: uso wa magharibi wa kanisa la abasia umegeuzwa nyumba za kuishi, madirisha na milango ya watu imeingizwa ndani ya matao makubwa ya karne ya 12. Nilisimama mbele yake huku mama mmoja akitoka na mfuko wa takataka. Naona sehemu hiyo ndiyo hai kuliko zote katika abasia nzima.

Sasa makanisa. Kaunti hii ina makanisa ya zama za kati yapatayo 500, mengi katika vijiji vyenye watu wachache sana, na mengi yake huachwa wazi mchana bila mlinzi. Mimi ni Mwislamu, na ndugu zangu wa Ipswich waliniuliza kama inafaa kuingia. Swali hilo nililipeleka kwa mama aliyekuwa akipanga maua katika kanisa la kwanza nililolifikia. Alinitazama, akasema mlango haukufunguliwa kwa ajili ya Wakristo tu, akanionyesha taa zilipo. Tangu hapo naingia kwa adabu niliyofunzwa nyumbani: sauti chini, kofia mkononi kwa kuwa ndiyo desturi yao, na sipigi picha kama kuna mtu anasali.

Wenhaston ni kijiji kisichotajwa sana, na ndani ya kanisa lake kuna mchoro wa Siku ya Hukumu juu ya mbao, uliochorwa karibu mwisho wa karne ya 15. Zama za mageuzi ya dini, karne ya 16, picha kama hizo zilikatazwa, na mbao zile zikapakwa chokaa nyeupe. Watu wakasahau. Mwaka 1892, kanisa likikarabatiwa, mbao zilitolewa zikatupwa uani kama uchafu wa ujenzi. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi chokaa ilikuwa imeoshwa na nyuso zilikuwa zinatazama kutoka kwenye mbao. Leo mchoro umetundikwa ndani: Mikaeli anapima roho kwenye mizani, wafalme na maaskofu wamesimama uchi mbele ya Petro wakitambulika kwa kofia zao tu, na upande mmoja kuna kinywa cha jehanamu kilichoachama. Katikati kuna nafasi tupu zenye umbo la msalaba na la watu. Hapo zilisimama sanamu zilizoondolewa, na mchoraji alikuwa amechora kuzizunguka. Nafasi zile tupu zilinigusa kuliko sehemu iliyochorwa, kwa kuwa zinaonyesha wazi ukubwa wa kilichopotea.

Si mbali na hapo lipo kanisa la Blythburgh, kubwa mno kwa kijiji chake, limesimama mahali palipoinuka kando ya kinamasi. Paa lake ni la mbao, na katikati yake wamepangwa malaika wa mwaloni waliokunjua mabawa. Mwaka 1644 alipita Suffolk mtu aitwaye William Dowsing, mzaliwa wa huku huku, akiwa na amri ya kuvunja picha na sanamu makanisani, naye aliandika shajara ya kila alichovunja. Alifika Blythburgh pia. Malaika walibaki, na ukisimama chini yao utaona sababu: wako juu sana. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba matundu ya risasi kwenye miili yao ni ya askari wa Dowsing. Mafundi waliokarabati paa wakakuta ni risasi ndogo za kuwindia ndege, za karne ya 18, watu walipokuwa wakiwalenga ndege waliojenga viota darini. Nenda na darubini. Bila darubini utaona mabawa tu, na nyuso zao hazifanani hata mbili.

Framlingham nitaipitia haraka, ijapokuwa ndiyo maarufu. Ni ngome ya ukuta wenye minara 13, mgeni anaweza kuuzunguka kwa juu, na mnamo Julai 1553 Mary Tudor, binti wa Henry VIII, alijikusanyia wafuasi hapo mpaka akapokea habari kwamba ametangazwa malkia. Ndani ya ukuta hakuna kasri. Mwenye mali wa mwisho, Sir Robert Hitcham, aliyefariki mwaka 1636, aliiachia chuo cha Pembroke cha Cambridge kwa sharti kwamba majengo ya ndani yavunjwe na ijengwe nyumba ya maskini. Kwa hiyo maskini ndio walioishi mwisho ngomeni, hadi karne ya 19. Mabomba ya moshi ya matofali yaliyosokotwa juu ya minara, yanayopendeza sana kwenye picha, mengi ni ya urembo, hayana jiko chini yake.

Ngome niliyoipenda ni Orford. Henry II aliijenga kati ya 1165 na 1173, hasa kumdhibiti Hugh Bigod, bwana wa Framlingham, aliyekuwa na nguvu kupita kiasi pande hizi. Hesabu za serikali za wakati huo zimesalia: zilitumika takriban pauni 1,413. Mwaka ule ule ilipokamilika uasi ukazuka na Bigod akawa miongoni mwa waasi, kwa hiyo pesa hazikupotea. Mnara wake ni duara ndani na pembe nyingi nje, umeshikwa na minara mitatu ya mraba, na ndani ya unene wa kuta zimefichwa njia, vyumba, jiko, kanisa dogo na vyoo. Nilipanda ngazi za mzunguko mkono mmoja ukutani. Katika chumba cha msimamizi wa ngome kuna hata mahali pa kukojolea palipochongwa ukutani, na niliyekuwa nimefuatana naye, kijana wa Mombasa tunayefanya naye kazi, alifurahi kuliko alivyofurahia kitu kingine siku hiyo.

Orford ina hadithi ambayo mtu wa pwani ataielewa mara moja. Mtawa aitwaye Ralph wa Coggeshall, aliyeandika karibu mwaka 1200, anasimulia kwamba enzi za Henry II wavuvi walivua mtu wa baharini, uchi, mwenye manyoya na ndevu, wakampeleka ngomeni. Alikula samaki wabichi baada ya kuwakamua maji kwa mikono. Hakusema neno hata alipoteswa. Walimwachia aogelee ndani ya nyavu, akapita chini yake, akarudi mwenyewe, kisha siku moja akaenda zake. Kijana wa Mombasa alisema kwao wangemwita jini wa bahari, na kwamba wazee wasingekubali afungwe hata usiku mmoja.

Kuta za nje za Orford zimekwisha kabisa. Mnara peke yake ndio uliosimama, na sababu yake inapatikana ukifika juu: bahari yote mbele yako, na pwani imejaa mafungu ya mchanga. Mwaka 1805 mwenye mali alitaka kuubomoa. Serikali ilimzuia, kwa kuwa manahodha waliutumia kama alama ya kupita salama.

Bibi yule wa Ipswich ndiye aliyesisitiza nifike Dunwich. “Huko swali langu linageuka,” alisema, nami sikumwelewa mpaka nilipofika. Dunwich ilikuwa bandari kubwa yenye makanisa kadhaa na masoko. Dhoruba za mwaka 1286 zilimeza sehemu ya mji, ile ya 1328 ikaziba bandari, na mwambao umeendelea kumomonyoka tangu hapo. Mji uliendelea kupeleka wabunge 2 hadi mwaka 1832, wakati sehemu kubwa yake iko chini ya maji. Kanisa lake la mwisho la kale, All Saints, lilianza kuporomoka kutoka genge la pwani mnamo 1904 na mnara ukamalizikia mwaka 1919. Sasa kuna kijiji kidogo, makumbusho mazuri, na kuta za nyumba ya Wafransisko, ambao baada ya dhoruba ya 1286 walihama na kujenga upya mbali na maji. Bahari imezidi kuwasogelea.

Nilipokuwa kwenye kuta zile niliwaza Gereza, ile ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani, ambalo upande wake wa baharini umeliwa na mawimbi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati na kuzuia maji. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka mitatu baada ya bandari ya Dunwich kuzibwa. Dunwich walipigana na maji kwa karne kadhaa, wakashindwa, maana mwambao wao ni mchanga mtupu. Sisi tuna matumbawe na mikoko. Kwa hiyo kila ninapoongea na wadogo zangu Kilwa nawauliza habari za mikoko iliyo mbele ya Gereza: imepandwa mingapi mipya, nani anakata. Mwanzoni walidhani nina mradi.

Anayetaka kwenda Suffolk aende Septemba akiweza. Mwezi huo zipo siku za urithi nchini kote, ambapo majengo mengi yanafunguliwa bure, hata yale ambayo kwa kawaida hayaingiliki. Jumapili usitegemee mabasi ya vijijini. Vaa viatu vya matope, na koti hata kama jua linawaka, kwa kuwa ndani ya kanisa la mawe kuna baridi yake. Zunguka jengo lote kwa nje kabla ya kuingia, maana viraka vya ukuta hukueleza mengi: dirisha lililozibwa, paa lililokuwa juu zaidi, mlango wa watu ambao hawapo tena. Tia chochote kwenye sanduku la mlangoni, kwa sababu gharama za kutunza makanisa yale huangukia waumini wachache wa kijiji, wengi wao wazee. Na zungumza na wanaojitolea. Waambie kwenu mnajenga kwa vitu gani.

Mimi mwaka huu nakwenda Thornham Parva, kanisa dogo lenye paa la nyasi. Lina mchoro wa mbao wa miaka ya 1330 uliopatikana mwaka 1927 katika dari ya zizi la farasi. Basi halifiki. Mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa upande huo, ameahidi kunipeleka kwa gari lake Jumamosi tutakayokuwa wote hatuna zamu.